Sanduku la Pili

Asubuhi ile nilikuwa nakunja chachi kibarazani mwa kituo chetu cha afya, kaskazini ya Marereni. Mzee Bakari alikuwa ameketi mbele ya jiko lake la mkaa. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuchemsha vyombo vya matibabu. Kila siku, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, masanduku mawili yalikuwa tayari: moja la kazi ya siku, moja la dharura. La dharura hakuagizwa na mtu. Alilianzisha mwenyewe shifta walipoanza kuvizia magari kwenye barabara ya Garsen.

Siku hiyo niliona sanduku moja tu.

Sababu niliijua. Daktari wetu mpya, kijana wa bara, mchapa kazi, alikuwa na mwezi mmoja nasi. Kila asubuhi alisema, "Habari, Bakari?" kama alivyotusalimu wote. Kwake huo ndio uliokuwa usawa. Mzee aliitika "Njema" bila kuinua macho.

"Huyu husalimu watu kama ahesabuye magunia ya chumvi," alininong'oneza Mwanahamisi, muuguzi wetu.

"Si umwambie?"

"Nimwambie mimi? Wewe ndiwe msomaji wa vitabu, mwambie wewe."

Nilicheka. Sikumwambia.

Saa nne tulisikia milio ya bunduki, mbali.

Baadaye lori la chumvi likaingia uani kwa kasi, kioo cha mbele kimepasuka.

Majeruhi walikuwa watatu. Wawili waliumia mikono. Wa tatu, mpakizi aitwaye Charo, alikuwa akivuja damu pajani.

"Vyombo!" Daktari aliita.

Sanduku la kwanza lilikuwa limetumika saa mbili, kwa mama aliyejifungua.

"Havijachemshwa," nikasema.

Mzee alikuwa ameshainuka, anapuliza moto. Nililikandamiza paja la Charo kwa mikono miwili. Alisema ana kiu. Akasema tena.

Alinyamaza kabla maji hayajatokota.

Tulipomaliza kuwafunga wale wawili, Daktari alikwenda jikoni. "Kwa nini vyombo havikuwa tayari?"

"Hukuniagiza," mzee alijibu.

"Lakini zamani ulikuwa huagizwi."

Mzee akageukia moto wake. Aliyesema ni Mwanahamisi. "Daktari, huyu ni wa umri wa babako. Mwezi mzima hujampa shikamoo yake."

Daktari alikaa juu ya gunia la mkaa. Akanitazama mimi. "Na wewe ulijua?"



Asubuhi ya pili alifika mapema, akasimama mbele ya jiko. "Shikamoo, Mzee Bakari."

Mzee aliinua macho. "Marahaba, mwanangu," alisema, akaomba ruhusa ya kwenda Tezo kumzika Charo. Tulikwenda naye sote watatu.

Tangu hapo masanduku hayakupungua mawili. Mwanahamisi alianza kuja kabla ya zamu yake. Mimi nikajifundisha kushona vidonda. Mishahara ilibaki ile ile. Mara mbili tena tuliletewa majeruhi wa barabarani, na hakuna aliyengojea maji. Ile ndiyo miaka niliyoipenda kazi kuliko yote.

Nimesoma mengi kuhusu mishipa ya paja tangu wakati huo. Huenda Charo asingepona hata kwa vyombo vilivyo tayari. Risasi ilikuwa ya shifta. Dakika zile alizongojea zilikuwa zetu.