Miiba Kwenye Malka

Kaka yangu Dhadho alikuwa na mkono mwepesi, na msinitazame hivyo, mimi na yeye ni tumbo moja. Alimpiga mkewe hadi mke akatorokea kwao Ozi, kisha fimbo ikamhamia binti yao, Mwanasha. Chumvi ikizidi, fimbo. Ndege wakila mpunga, fimbo. Mimi shangazi mtu nikiingilia, naambulia yangu.

Mwanasha alishinda juu ya dungu, kule shambani karibu na Garsen, akifukuza ndege kwa kombeo. Kando yake ilipita malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni. Ndiko alikomwona Guyo akinywesha mifugo. Kijana humwachia kibuyu cha maziwa, binti humwekea mahindi ya kuchoma. Walipendana, jamani, hata kipofu angeona!

Dhadho alipojua alichukua mchi akamvunja binti mkono. Wallahi, niliusikia mfupa. Guyo akaufunga kwa vijiti na kamba za ngozi, kama afungavyo mguu wa ndama, huku analia.

"Twende kwetu, Mwanasha. Atakuua huyu."

"Mama alitoroka. Mimi nataka kutoka kwa mlango. Lete posa."

Posa ikaja na wazee wa Guyo. Jibu la Dhadho likawa miiba: alikata migunga akaiziba malka, na kiangazi kile cha mwaka hamsini na tano kilikuwa kikali. Huku kwetu watu hugombana, hata hukatana, lakini malka haizibwi. Nilimwambia. Akanitemea mate.

Ng'ombe wakaja, ndimi nje. Guyo alisimama mbele yao akisihi, "Mzee, fungua, wanakufa!" Dhadho akamwonyesha panga. Basi Mwanasha akashuka dunguni, akaanza kuvuta miiba kwa mkono wake mmoja mzima. Damu ikamchuruzika hadi kiwiko.

"Ukivuta tena nakukata!"

Akavuta tena. Dhadho akamkata begani. Binti akaanguka pale niliposimama, nikamburuta kando huku napiga mayowe, na pengo lilikuwa limeshafunguka. Ng'ombe walisikia harufu ya maji. Guyo alimpiga fahali usoni kwa rungu, wapi! Walipita, na kaka yangu wakamkanyaga.

Vumbi lilipotulia alikuwa hai, miguu yote miwili imevunjika, analilia maji. Nikasema moyoni, mwache anyauke.

Mwanasha alijikokota mtoni, akarudi na kata imejaa maji. Babake akanyoosha mkono. Binti akaruka nyuma, akajikinga uso, nusu ya maji ikamwagika. Mzee alikuwa anataka kata tu! Nilimwona Dhadho akiutazama ule mkono wake, kisha akalia kama mtoto.

"Baba, naolewa," Mwanasha akasema.

Akaiweka kata chini, pale mkono wa babake ungefika, akapita penye miiba kwenda kwa Guyo. Maji yale nilimnywesha mimi.