Mama Picha-Mbili na Kiwanja Chake

Kazini kwetu, masjala ya ardhi, wateja walimbandika jina Mama Picha-Mbili, na hawakumwonea. Uje na mkataba, risiti, hata na hakimu amekushika mkono. Kama una picha moja tu ya pasipoti, unarudi ulikotoka. Ukijipenyeza mbele, anakukata jicho: "Foleni ni foleni." Nimekaa kiti cha pembeni yake miaka sita, na kila ninachojua kanifundisha yeye. Hotuba yake naijua kwa moyo: "Mkataba ni siri yenu wawili. Serikali inasoma daftari. Kama jina lako halimo humu, umejenga kwa watu."

Jumatatu moja muuza magodoro, mtu mpole, akasukuma faili dirishani. Alikuwa ananunua kiwanja nambari arobaini na saba kwa mzee mmoja mcheshi aitwaye Tabasamu. Mama alifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, hicho kiwanja ni changu. Aliniuzia huyo huyo Tabasamu, mwaka wa kumi na tano sasa. Nyumba ninayolala iko hapo."

"Si ulisajili?"

"Mkataba uko kwenye sanduku la nguo. Kila mwaka nasema mwakani."

Kicheko kilinifika kooni, nikakimeza kwa aibu. Daftarini mwenye kiwanja alikuwa bado Tabasamu. Jina la muuza magodoro likitangulia kuingia, Mama angebaki na sanduku lake.

Lakini Mama ni Mama. Alimgeukia mteja. "Picha moja? Kalete ya pili."

Sheria ile nimeilaani miaka sita. Siku hiyo niliipenda.

Mteja alipotoka tu, Mama alinisukumia faili. "Jambo langu siligusi. Lishike wewe." Akachomoka mbio. Kwake ni mitaa miwili tu, na alirudi akihema, mkataba unanuka naftalini, mkononi fomu ya zuio, ile inayofunga daftari lisibadilishwe mpaka mgogoro usikilizwe. Akajaribu kuja moja kwa moja dirishani.

"Foleni ni foleni, Mama!" watu walipaza sauti, na raha waliyoiona haielezeki. Akasimama mkiani, wa kumi na moja. Sijawahi kuhudumia watu kwa kasi ile.

Alipofika kwangu, muuza magodoro alikuwa nyuma yake, picha mkononi. Nilipekua karatasi za Mama.

"Picha mbili, Mama."

Wallahi sikuwa namtania; bila hizo bosi angeirudisha fomu. Alinitolea macho. Kisha akabandua picha kwenye kitambulisho chake cha kazi, akaenda ukutani kubandua nyingine kwenye ubao wa mfanyakazi bora. Nikagonga muhuri.

Nilimweleza muuza magodoro kwamba kiwanja kina zuio. Yupo aliyekinunua zamani, hakusajili; jina sikulitaja. Hakukasirika hata kidogo.

"Afadhali sijampa Tabasamu hata senti," alisema. "Mama huyu alinionya mwaka jana, hapa hapa: hela haitoki kabla jina halijaingia." Akamgeukia Mama, ambaye alikwisharudi kitini kwake. "Ila Mama, ni mtu gani huyo wa kukaa miaka yote hiyo bila kusajili?"

Mama alikuwa anakiangalia kitambulisho chake kisicho na sura.

"Namfahamu," alisema. "Mjuaji sana."