Mkono Uliotokea Pembeni mwa Picha

Kabla Bariadi haijawa makao ya mkoa, nilipanga chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge. Ndani yake nilikuwa na kompyuta, TV ya chogo na deki, na kazi yangu ilikuwa kuhariri video za harusi. Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, kamera za kila aina zilikuwa zikiingia kutoka Dubai, na kila ndugu aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam alikuja harusini na ya kwake. Mimi ndiye niliyetakiwa kuzichanganya picha hizo zote ziwe DVD moja.

Kamera mpya zilipiga picha pana na safi sana. DVD haiwezi kubeba usafi wote ule, na TV za wateja wangu zilikuwa karibu mraba. Ukiiacha picha pana ilivyo, juu na chini panabaki weusi, na wateja hawakuupenda. "Umenipa nusu TV," mmoja aliniambia. Ukiibana ijae, watu wanarefuka na kukonda kama wametoka kuumwa. Kwa hiyo nilizoea kuikuza picha mpaka ijaze kioo, na kilichozidi kushoto na kulia kinakatwa. Maharusi hukaa katikati. Pembeni nilidhani hakuna wa kumkosa.

Ndivyo nilivyofanya kwa harusi moja ya Lalago. Nilipiga mwenyewe kwa kamera ya kanda, nayo ya picha pana, na binamu wa bibi harusi akaniachia ninakili picha za kamera yake ndogo ya kadi. Kamera yake ilipiga picha thelathini kwa sekunde, yangu ishirini na tano, na nilipozichanganya watu wake walitembea kwa kushtuka. Nikazitumia kidogo sana. Familia ilichukua DVD, ikafurahi, nami nikaendelea na kazi nyingine.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi, mama wa bibi harusi alisimama mlangoni kwangu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, mama. Karibu ukae."

Alikaa kwenye benchi, akafungua fundo la kanga na kutoa ile DVD. Alinieleza kwamba mumewe amefariki. Baada ya maziko watu waliomba kuiangalia harusi ili wamwone tena. Waliiangalia tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo kabisa?"

"Mkono upo. Pale alipombariki binti yake, mkono unatokea pembeni, unamshika kichwani, unarudi. Mwenye mkono haonekani."

Nilitaka kumwomba msamaha hapo hapo, lakini alikuwa hajamaliza. Watu walikuwa wanasema mzee alishachukuliwa kichawi siku ileile ya harusi, na aliyebaki nyumbani akiumwa alikuwa kivuli tu. Walikuwa wanamtaja wifi yake, dada wa marehemu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpikia, na kwa sababu kwenye DVD yeye anaonekana vizuri, amekaa, na kiti cha kaka yake kando yake hakipo.

"Tangu juzi hatoki ndani," mama alisema. "Anaogopa. Mimi siyaamini hayo maneno, lakini niko peke yangu. Wewe ulikuwepo. Niambie, mume wangu alikuwepo au hakuwepo?"

"Alikuwepo, mama. Aliniuliza kama nimekula."

Akainamisha kichwa. Nikamweleza nilichokifanya, jinsi nilivyokata pembeni ili picha ijae. Sijui kama alielewa yote. Aliniuliza tu kama kilichokatwa bado kipo mahali.

Hapo ndipo niliposhikwa na woga. Kanda zangu nilikuwa nazirudia, narekodi sherehe mpya juu ya ya zamani. Nilizitoa kwenye boksi, nikaiweka ya harusi yao kwenye kamera, na ikaja sherehe ya watu wengine, watoto wanakimbia na keki. Harusi ya Lalago ilikuwa imefutika. Zikabaki zile picha za binamu, ambazo sikuwahi kuzifuta kwa sababu nilisahau kuwa ninazo.

Nilizifungua mbele yake, moja baada ya nyingine. Katika ya nne mzee alikuwa pale, kushoto kabisa, amevaa koti refu. Anainuka kwenye kiti, anamsogelea binti yake akichechemea, anamwekea mkono kichwani na kusema kitu ambacho muziki umekifunika. Mama alisogeza uso karibu na kioo. Nilitoka nje nimwache.

Kazi ilinichukua siku tatu. Mama alilala kwa ndugu zake mjini, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye lile benchi. Safari hii niliuacha weusi juu na chini ili upana wote ubaki. Mara ya kwanza picha ilitoka na mistari kama meno ya kitana kwa kila aliyesogea, nikarudia. Nikapunguza picha thelathini ziwe ishirini na tano, lakini kushtuka hakukuisha. Nilipoiweka kwenye deki kujaribu, nilimwambia, "Nisamehe, mama. Mwendo wake nimeshindwa kuunyoosha."

Aliangalia mpaka mwisho. "Hao wengine ndio wanaoshtuka," alisema. "Yeye alitembea hivyo hivyo. Ni ule mguu."

Nilidhani nitampa DVD aende nayo. Akakataa. "Watasema umemtengeneza kwenye kompyuta. Twende wote, ukaseme mwenyewe."

Sikutaka kwenda, na sioni haya kukiri. Lakini tulipanda basi, tukapita Maswa, tukafika Lalago mchana. Waliwasha jenereta. Shemeji zake na majirani walijaa sebuleni, na mdogo wa marehemu ndiye aliyeniuliza.

"Nani alimtoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili picha ijae TV yenu. Nilikata pembeni, naye alikuwa pembeni. Sikumwona."

Niliweka DVD ya zamani, nikaisimamisha pale mkono ulipo kichwani mwa binti. Kisha nikaweka mpya na kuisimamisha hapo hapo. Mwanamume mmoja alikuja akapiga magoti mbele ya TV. Aliniomba nibadilishe tena, nikabadilisha. Aliangalia mkono wa koti, akaangalia saa iliyovaliwa kwenye mkono ule.

"Saa ni ileile," aliwaambia wenzake. "Ni yeye."

Mzee mmoja aliondoka bila kuaga. Mwingine alisema hata hivyo ugonjwa ule haukuwa wa kawaida. Mdogo wa marehemu akamwambia mtu amwite dada yake.

Alikuja akasimama mlangoni, mwembamba, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Niliicheza kuanzia pale mzee anapoinuka. Kwenye picha dada huyo anaonekana akimshika kaka yake koti na kumwambia jambo.

"Hapo nilimwambia akae, amechoka," alisema polepole. "Akasema atakaa kesho."

Mama alisogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. Wifi yake akaja kukaa. Waliiangalia mara mbili zaidi, kisha jenereta ikazimwa ili watu wapate kula.

Tangu siku ile niliacha kukata pembeni. Wateja wachache walinihama kwa sababu ya weusi ule, na kanda nazo sikuzirudia tena mpaka familia iwe imeridhika. Mwaka uliofuata nilikutana na mama sokoni Maswa. Aliniambia wapo majirani ambao mpaka leo hawamsalimii wifi yake. Lakini anatoka nje, anakwenda kisimani, na msimu ule walikuwa wamelima pamba pamoja, shamba moja.

"Wabeja, mayu," alinishukuru, akaniwekea viazi vitamu kwenye mfuko kabla sijakataa.