Nilivyodakia Intavyuu ya Mjukuu Wangu

Mimi kutulia siwezi, tangu utoto. Lakini mwaka huu mjukuu wangu alipokuwa anatafuta kazi nje, ndiyo nilizidi kabisa.

Mjukuu wangu huyu ni rubani. Na siyo rubani tu, anafundisha marubani! Cheti cha ualimu nimekishika kwa mkono wangu huu. Alipokipata tu akaja kukaa kwangu hapa Masama, mlimani kwetu Uchaggani, maana kazi ilikuwa haionekani. Nikamuuliza, "Shule za kurusha ndege si zipo hapa hapa Tanzania?"

"Zipo, Bibi. Ila wanataka mwalimu aliyefundisha masaa mengi."

"Na hayo masaa unayapata wapi?"

"Kwa kufundisha."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ni kama mtu akwambie hakupi jembe mpaka akuone umelima.

Basi akawa anaomba kazi nchi za nje, kwa simu. Mtandao kwetu unashika vizuri kule juu ya kihamba, shamba letu la ukoo, migomba inapoishia, karibu na mfereji. Kutwa anapanda, anashuka. Na mimi nyuma. Nikienda kukata majani ya ng'ombe, lazima nipite pale.

"Wamejibu?"

"Bado, Bibi."

Nazunguka miti miwili mitatu ya kahawa, narudi. "Wamejibu?"

"Bibi, si umeniuliza sasa hivi!"

"Sasa hivi ilikuwa asubuhi."

"Bibi, hata chai hatujanywa."

Siku moja shule moja ya Afrika Kusini ikasema sawa, tutakupigia simu ya kuonana uso, utufundishe kitu kama vile hatujui lolote. Sasa mtu asiyejua lolote atampata wapi zaidi yangu? Akanikalisha kwenye kigoda katikati ya kahawa, akanipa mwiko mkononi.

"Ukivuta mwiko, pua ya ndege inapanda."

Nikavuta mpaka kifuani.

"Umetuua, Bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Basi turudie, kahawa bado haijavunwa."

Siku ya tatu nikawa natua vizuri tu. Akasema kuna wenye digrii aliosoma nao wananishinda ubishi lakini kwa kusikia nawashinda mimi.

Siku ya intavyuu ikafika. Juu kavaa shati jeupe la rubani, lenye mistari mabegani, chini kanga na ndala, maana wao wanaona kifua tu. Akaniambia, "Bibi, leo usinisogelee, tafadhali." Nikasema siji. Nikakaa nyuma ya migomba nakata majani polepole. Walikuwa watu watatu ndani ya simu, wanaume wawili na mama mmoja. Kizungu sikijui, lakini nilimwona anafundisha kwa mikono, anapaa, anatua, wale wanaitikia kwa kichwa. Nikafurahi!

Halafu nikasikia: Desemba. Mjukuu wangu kanyamaza. Yule mama akarudia, Desemba.

Sasa wewe msomaji kama siyo wa huku nikueleze. Mchagga Desemba haichezei. Awe Dar, awe Ulaya, anapanda mlima anakuja kwao. Mbuzi anachinjwa, na kila mtu ana kipande chake kwa nafasi yake. Asiyekuja, watu wanaulizana kanisani: anaumwa, au amefungwa? Nikajua hawa watu hawajui hili, na mtoto anaona aibu kuwaambia.

Nikatoka na mundu mkononi na mzigo wa majani kichwani. "Hamjambo, wanangu! Huyu Desemba yuko nyumbani! Desemba, no! No!"

Yule mama akauliza kitu, mjukuu akajibu kwa sauti ndogo. Wakaagana. Akaishusha simu, akanitazama.

"Bibi, unajua walikuwa wananiuliza nini?"

"Desemba."

"Wanafunzi wao wanatoka Ulaya, wanakimbia baridi. Desemba ndiyo shule inajaa. Walitaka kujua kama nitafanya kazi Desemba nzima."

"Na wewe ukasema nini?"

"Mimi nilikuwa sijajibu. Wewe ndiye umejibu."

Jamani! Bora angenigombeza. Alikuwa ananipikia, ananisaidia kukamua, lakini maneno hamna. Mimi nikawa napalilia mahali pasipo na majani. Usiku nageuka, mchana nazunguka. Kuuliza siwezi, mdomo unawasha. Na nisikufiche, kuna upande wa moyo ulikuwa unasema, wasipomwita atabaki na mimi. Upande huo nilikuwa naukemea, unarudi.

Siku ya tisa nikasikia kelele huko juu. Nikapanda mbio na magoti yangu haya.

"Wamenichukua!"

Nikapiga vigelegele. Akanishika mkono. "Subiri, Bibi. Yule mama ameandika kazi ni yangu, ila Desemba lazima niwepo. Wanataka jibu leo." Kidole kiko juu ya simu, hakibonyezi. "Nisipokuja Desemba, itakuwaje? Wewe ndiye mkubwa wa nyumba, sema."

Hapo ndipo nilipotulia, mimi! Nikatazama bondeni. Kuna ndege ilikuwa inashuka kule chini kwenye uwanja wa ndege, taratibu, pua juu kidogo, kama alivyonifundisha.

"Mbuzi hajui kalenda," nikamwambia. "Tutamchinja siku utakayokuja, hata kama ni mwezi wa tatu. Kipande chako hali mtu."

"Na baba je? Atakasirika."

"Baba yako nilimzaa mimi. Niachie."

"Na kanisani?"

"Wakiuliza kama umefungwa, nitasema ndiyo, umefungwa mkanda."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akabonyeza. Tukashuka. Yeye anatembea, mimi nakimbia, nafikiria nimwambie nani kwanza, mwanangu au mchungaji. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshawaambia majirani wawili, na mmoja wao ameuliza Desemba atakuja na zawadi gani. Nikamwambia keti kwanza, mama, nikueleze.