Hewa Niliyoitoa Mbele ya Kina Mama

Jamani, nichekeni tu, maana hata mie mwenyewe nikiikumbuka siku ile najifunika uso kwa kanga. Ilikuwa miaka ya hamsini, nasoma shule ya wasichana pale Chumbageni, na Mwalimu Zainabu aliwaita mama zetu waje waone majaribio ya sayansi, wakiridhika watuache tuendelee na somo hilo (wengi walishaanza kusema msichana na tindikali wapi na wapi, bora ajifunze kushona). Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanaidi wa Makorora, akisema ndiyo, wote ndiyo. Akakaa mstari wa mbele kabisa, ananukia udi.

Mwalimu aliniambia nizime mshumaa kwa hewa ya siki na magadi, basi. Mie nikaona mshumaa ni mchezo wa watoto, na alipotoka kupokea wageni wengine nikachukua vile vipande vyeusi vya kabatini (alivyokwisha kunikataza), nikavitia chupani, nikavimwagia tindikali ili litoke povu la kupendeza. Povu lilitoka kweli, lakini likaja na harufu ya mayai viza, ikaenda moja kwa moja mstari wa mbele. Kina mama wakaziba pua kwa buibui, wakatazamana, kisha macho yote kwa Bi Mwanaidi.

"Astaghfirullah, mnanitazamia nini?" akasema, jasho linamtoka, huku anatafuta viatu vyake aondoke. Nikajua akitoka yeye, na masomo yetu yametoka naye. Nikapanda juu ya kiti, nikapaza sauti:

"Jamani, si yeye! Hewa hiyo nimeitoa mimi!"

Wallahi, chumba kizima kikaangua kicheko! Mama yangu akajifunika gubigubi. Kila nilivyoeleza, "Ni ya kwenye chupa," ndivyo walivyozidi kucheka, hadi Mwalimu akarudi, akafungua madirisha, akaniamuru nirudie kidogo tu, nje uwanjani, wote waone. Bi Mwanaidi akainama, akanusa, akaruka nyuma.

"Ndiyo yenyewe!" akawageukia wenzake. "Mmeona? Isingekuwa elimu ya mtoto huyu ningezikwa na jina baya. Binti yangu Saumu ataisoma sayansi hii, na wenu pia."

Basi tukasoma, na baadaye nikaajiriwa maabara ya hospitali. Ila hadi naolewa, mtaani naitwa Bi Hewa. Nami nimeapa: chupa niliyokatazwa siigusi, na nikitaka kukiri kosa mbele za watu, naitaja chupa kwanza, mimi baadaye.