Lori Lililonyamazishwa

Nilikuwa kwenye foleni ya kibali cha kusafiri, kituo cha polisi hapa Isiolo, dereva mmoja wa lori la unga alipoletwa mbele ya kaunta. Kosa lake lilikuwa ekzosi yenye kelele. Alikuwa ameikata sailensa, ile ya kumeza mlio, kwa msumeno wake mwenyewe.

"Afande, nilikata makusudi," alisema, mkono kifuani. "Watu wa kijiji cha Korbesa, ninakopeleka unga, wakisikia gari wanatoroka porini, wanafikiri ni askari. Hili langu wanalijua kwa mlio. Wanabaki."

Koplo hakuinua macho. "Mzee, sheria ya barabara haijui Korbesa. Rudisha sailensa, ama lori lilale hapa."

Sisi kwenye foleni tukatazama viatu vyetu. Nani angefungua mdomo na bado hajapata kibali?

Dereva alirudisha sailensa. Juzi nikamkuta sokoni, lori bado limejaa magunia yale yale ya unga. Baada ya salaam nikamuuliza kama barabara ilifungwa.

"Nilifika," alisema. "Chai ilikuwa bado inachemka mekoni, na watu hakuna. Nikaita majina yao mpaka sauti ikakauka. Nikapiga honi. Nafikiri honi ndiyo ilizidi kuwafukuza."

Akapanda lori lake, akaondoka.

Basi sheria imefuatwa, wasomaji wangu. Lori lile likipita sasa, kikombe changu cha chai hakitetemeki mezani. Isiolo kumetulia kabisa. Korbesa nako kumetulia.