Tone la Maji Mlangoni kwa Mwali

Nakumbuka asubuhi moja kule Ruvu, mwanangu, ndevu zangu zikiwa bado za kubahatisha. Mjomba alinipeleka kuvua kambare, nikaliona lile bomba kubwa la maji yaendayo Dar. Nikaweka sikio, ndani kunanguruma. Nikamuuliza mjomba maji yanapandaje mlima bila miguu. Akaniambia nishike ndoana. Kambare hatukupata, na mjomba yule kwa uvivu... basi, marehemu tumwache.

Swali lile nililibeba mpaka uzeeni, hadi juzi juzi hapa Vihingo, kampuni moja ya Dar ilipotujengea maabara ya shule. Siyo pesa tu. Wafanyakazi wake walijitolea Jumamosi yao kuja kufundisha. Watoto watakaohudhuria siku hiyo ndio wangelipiwa masomo ya sayansi.

Mjukuu wangu Mwanaidi, mwenye kiu ya elimu hiyo kuliko wote, alikuwa mwali. Na kwetu Wazaramo mwali hukaa ndani, haonwi na watu mpaka atolewe. Nilimsikia akilia nyuma ya pazia. Dada yangu Bi Tatu, somo yake anayemfunda, hakutaka hata kuambiwa habari ya kumtoa. Mimi mwanamume, mambo hayo hayanihusu, nikabaki barazani nameza mate.

Mchana wa Jumamosi hiyo akaja kijana mmoja wa kampuni, Mnyamwezi, kasikia shuleni habari za mwali wetu, kakumbatia hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu. Wanyamwezi ni watani zetu, hata msibani hututania tukacheka.

"Shikamoo bibi. Mtoto mnamficha, maji machafu mnawapa wageni?"

"Marahaba, mpagazi wewe. Maji yetu safi."

"Chungulia basi. Ukikuta hamna kitu, nabeba mzigo wangu naondoka."

Akachota tone mtungini, akaliweka chini ya kioo. Bi Tatu akainama. Kisha akasema, taratibu, "Wanatembea."

Nikachungulia nami. Wallahi, mwanangu, viumbe wenye mikia wanapishana kama watu wa gulioni, ndani ya tone moja! Umri wote huu nakunywa dunia ya Mungu bila kuijua.

Bi Tatu akamwamuru kijana aweke chombo mlangoni, yeye ageukie barabarani. "Mwali watu wasimwone," akasema. "Kutazama hajakatazwa."

Mwanaidi akatazama mpaka jua likahama. Akauliza wanakula nini, wanazaanaje, wanalala saa ngapi. Kijana akamjibu yote, kaupa mlango mgongo, jasho linamtoka. Mwisho akasema, "Huyu amehudhuria."

Leo Mwanaidi anasoma sayansi Kibaha.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akikuuliza, usimwambie ashike ndoana. Mila yako itunze, lakini itafutie pa kupitisha mwanga. Nawe mwenye ajira, ukitoa pesa, toa na siku yako. Mungu akupe macho ya kushangaa mpaka uzeeni, na kizazi chako kikuzidi.

Yule kijana tulimkaribisha ugali, akashukuru tu. Akabeba chombo chake, akashika njia. Hatujamwona tena.